Magari ya safari kuchepuka nje ya barabara Serengeti, Ngorongoro na Mara: tatizo ni dereva, mgeni au barabara yenyewe?

#1 Mtoto wa Karatu
Wakuu, habari za humu.

Kila mwaka nyumbu wakishuka kuzaa, Januari hadi Machi, nyanda za Ndutu na kusini mwa Serengeti zinachorwa na matairi. Nenda kiangazi majani yakishakatika utaona mistari miwili miwili imeelekea kila upande. Mmoja unakwenda hadi kichaka alipolala duma, unakizunguka, unarudi barabarani. Masika yajayo mstari huohuo unapitisha maji, na baada ya misimu kadhaa una korongo dogo pasipokuwa na korongo.

Julai 2025 ikasambaa ile video ya Kogatende, wageni wameshuka kwenye magari kando ya mto Mara na kuwazibia nyumbu njia ya kuvuka. TANAPA, wale wa hifadhi za taifa, wakatoa tamko, watu wakapiga kelele mtandaoni, na mambo yakaendelea.

Swali langu ni moja. Katazo lipo, dereva analijua toka chuoni, faini anaijua. Kwanini bado anachepuka? Mimi nasema ni tamaa ya tipu, basi. Anayepinga aje na hoja.

#2 Mla Kisamvu
Nimewahi siti ya mbele. Madereva wakija mniamshe.

#3 Dereva wa Masika
Nimekuja. Mkuu Karatu, umetuanza vibaya.

Kwanza nikurekebishe. Ndutu na Serengeti umezitia kapu moja. Eneo kubwa la Ndutu liko chini ya Mamlaka ya Ngorongoro, na huko kwa miaka mingi kutoka nje ya njia msimu wa kuzaa kumeruhusiwa. Upande wa Hifadhi ya Taifa ni marufuku. Mpaka wenyewe hauna uzio wala kamba, unapita ziwani na vichakani. Nyumbu anavuka anavyotaka, duma anamfuata, na mimi nina wageni sita nyuma yangu. Dakika tano zilizopita nilikuwa halali, sasa ni mkosaji, na majani ni yaleyale.

Pili, tipu. Ndiyo, tipu naitaka, una mtu anayeikataa? Lakini siku hizi kinachoniendesha zaidi ni yale maoni ya mtandaoni. Mgeni akirudi kwao akaandika "hatukumwona chui kwa karibu, gari jirani walimwona", bosi ananipigia kabla sijafika Makuyuni. Jirani aliyechepuka amesifiwa kwamba ni dereva hodari. Msimu ukipungua anayebaki nyumbani ni nani?

Mnataka nisichepuke? Sawa. Mwambieni na bosi asinipime kwa picha.

#4 Mwalimu wa Jiografia
Kabla hamjagawana lawama, tuzungumzie udongo, maana watu wengi wanadhani nyasi zikilala leo kesho zinaamka.

Nyanda za kusini mashariki mwa Serengeti zimejengwa na majivu ya volkano, na mlima wa Oldoinyo Lengai bado unaongeza. Ukichimba kidogo tu unakutana na tabaka gumu la chokaa, ndiyo maana miti haioti pale na majani ni mafupi. Mizizi yake inaishi kwenye udongo mwembamba wa juu. Hilo jani fupi ndilo nyumbu analifuata, lina madini anayohitaji mama anayenyonyesha.

Gari likipita, sehemu kubwa ya kushindiliwa kwa udongo hutokea mipito michache ya mwanzo. Kwa hiyo ile hoja ya "napita mara moja tu" haina nguvu. Magari matano yakipita kila moja mara moja, kazi imeshakwisha. Udongo ukiwa umelowa ni mbaya zaidi, maji hayazami tena, yanafuata mfereji wa tairi.

Kule kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama sehemu za Mara na ukanda wa kati wa Serengeti, hali ni nyingine. Udongo ule ukikauka unapasuka wenyewe na kujigeuza, kwa hiyo jeraha dogo linaweza kupona haraka kuliko kwenye majivu. Ila ukipita umelowa unaacha mitaro inayoganda ikikauka.

#5 Spana Kumi na Saba
Mwalimu unatutisha bure. Nyumbu milioni 1.3, ongeza pundamilia na swala, wote wanapita hapohapo na kwato. Kwato ni kali, tairi ni laini. Ukiangalia njia za nyumbu kutoka angani ni mitaro mitupu. Mbona huyo hakatwi faini?

Hifadhi ya Serengeti ni kilomita za mraba 14,763. Magari yote ya Arusha yakimwagwa mle hayajazi hata kona. Tuache kulia lia.

#6 Mtoto wa Karatu
@Spana duh, kwa hiyo na sisi tuote mikia?

#7 Mwalimu wa Jiografia
Hoja ya #5 siyo ya kuchekwa, wanyama kweli wanakanyaga na njia zao zipo. Tofauti naziona tatu.

Nyumbu anakanyaga na kusonga, anaacha mbolea na mkojo, halafu eneo linapumzika miezi. Kwato inatoboa, tairi linashindilia mstari mmoja usiokatika, na maji yanapenda mstari usiokatika. Halafu magari hayajitawanyi kwenye hizo kilomita 14,763 ulizozitaja. Yanajazana Seronera, Ndutu na Kogatende, tena kwa duma mmoja au kivuko kimoja. Kugawa magari kwa eneo lote la hifadhi ni hesabu ya kwenye karatasi.

#8 Mla Kisamvu
Na msisahau Laetoli iko jirani tu. Binadamu wa kale walipita juu ya majivu ya volkano yaliyolowa, nyayo zao zikagunduliwa 1978 zikiwa na umri wa miaka milioni 3.6. Land Cruiser ya Dereva wa Masika nayo imo mbioni kuwa urithi wa dunia. Watoto wa watoto wetu watalipia kiingilio kuona alipogeuzia.

#9 Dereva wa Masika
@Mla Kisamvu 😂😂 waandike na jina langu.

#10 Binti wa Narok
Jirani zangu hamjambo. Wacha niwaletee ya huku Maasai Mara, Kenya, maana mkisikia ya kwetu mtajiona malaika.

Hifadhi yetu ina kama kilomita za mraba 1,510 tu, sehemu ya kumi ya Serengeti yenu, na umati wa Agosti ni uleule. Kanuni zinasema magari matano kwa mnyama mmoja, mengine yasubiri kwa mbali. Njoo uhesabu mwenyewe siku ya kuvuka.

Mimi sikubaliani na mleta mada kuhusu tipu, wala na dereva kuhusu bosi. Ninaangalia tiketi. Tangu 2024 mgeni asiye mkazi analipa dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba, na tiketi ni ya saa 12. Dola 200! Huyo mgeni atakubali kukaa barabarani akiangalia simba kwa darubini? Anataka wote leo, simba, chui, duma na kivuko, jua halijatua. Bei ilipandishwa wakisema itapunguza msongamano. Kwa macho yangu imeongeza pupa.

Na madhara siyo ya nyasi pekee. Mtafiti Femke Broekhuis alichapisha mwaka 2018 utafiti wa duma wa Mara. Kwenye maeneo yenye watalii wengi, duma jike alifanikiwa kulea wastani wa mtoto 0.2 hadi kujitegemea. Kwenye watalii wachache, wastani ulikuwa 2.3. Someni tena hizo namba.

#11 Spana Kumi na Saba
Hizo namba zina maana magari yanawagonga watoto? Sijawahi kusikia.

#12 Binti wa Narok
Hapana, na mtafiti mwenyewe hakusema hivyo. Dhana ni usumbufu. Duma anawinda mchana kwa macho na mbio, magari yakimzunguka windo linashtuka, au yeye anaacha chakula na kuondoka. Mama asiposhiba, watoto hawanyonyi. Na mama akilazimika kuhamahama na watoto wadogo, simba na fisi wako njiani. Gari halimgusi hata unyoya.

#13 Kijana wa Grida
Naona mnazunguka. Mimi nimekaa juu ya grida, ile mashine ya kusawazisha barabara, miaka, na ninawaambia adui namba moja ni BARABARA.

Njia ya geti la Naabi kwenda Seronera kiangazi inajaa mawimbi, gari linatetemeka mpaka kioo kinataka kung'oka. Dereva anafanyaje? Anateremka pembeni kwenye majani, panateleza vizuri. Mwenzake anamfuata. Wiki mbili pembeni nako kumekuwa mawimbi, wanateremka zaidi. Masika ni hivyohivyo, penye tope wanazunguka, tope linapanuka, wanazunguka tena. Mwisho una barabara yenye upana wa uwanja wa mpira. Hapo hakuna duma wala tipu, watu wanakwepa mashimo tu.

Hao wanaofuata wanyama mnawaona kwa sababu wanapigwa picha. Hawa wa kukwepa tope hakuna anayewapiga picha.

#14 Dereva wa Masika
Kijana wa Grida, leo nakununulia soda. Hilo ndilo neno. Wakati mwingine njia iliyopo haipitiki, na ukikwama ndani yake ukaanza kuvutwa na winchi unachimba handaki kuliko ungepita pembeni.

#15 Mwalimu wa Jiografia
#13 yuko sahihi kwa barabara kuu. Hali hiyo inajulikana pia Amboseli, kwenye udongo wa ziwa la kale lililokauka, njia zinaongezeka kwa kukwepa vumbi na mashimo.

Lakini kutengeneza nako kuna gharama. Moramu, ule udongo wa kokoto wa kumwaga barabarani, hainyeshi kutoka mbinguni. Unaichimba, na ukiichimba ndani ya hifadhi unabaki na mashimo, ukiileta kutoka nje unaleta na mbegu za magugu. Muulize yeyote aliyepita kreta ya Ngorongoro kuhusu magugu. Halafu barabara nzuri inaleta magari mengi na mwendo mkali.

#16 Kijana wa Grida
Kwa hiyo tusitengeneze? Mwalimu kila dawa kwako ina sumu.

#17 Bi Sauda wa Maskati
Assalaam alaykum jamaa zangu. Nawasoma toka asubuhi, nikaona nami nichangie ya huku Oman.

Huku mchezo wa kupanda matuta ya mchanga kwa gari ni mapenzi ya watu, kila mwisho wa wiki vijana wameshatoa upepo matairini wanakwenda Sharqiya, yale majangwa ya mchanga. Mtu ataniambia mchanga hauna kitu, upepo unafuta usiku mmoja. Kwenye tuta lenyewe linalohama, labda. Lakini chini, baina ya matuta, kuna vichaka na magugu ya ngamia yanayoshika mchanga, na gari haliyabagui.

Linaloniuma mimi ni pwani. Kasa wanapanda kutaga Ras al Jinz na fukwe za jirani. Yai la kasa liko chini ya mchanga, dereva halioni. Na vitoto vikitoka usiku vikakuta mtaro wa tairi, vinaangukia ndani, vinatambaa na mfereji badala ya kwenda baharini, asubuhi ndege na kaa wamevimaliza. Ras al Jinz penyewe kuna ulinzi tangu ilipofanywa hifadhi 1996, watu wanaingia kwa miguu na msimamizi. Fukwe ndogondogo zisizo na jina ndizo zinaingiwa na magari.

Na nyinyi huko kwetu pwani mchunge, hizo pikipiki za magurudumu manne zimeshaanza kukodishwa fukweni.

#18 Mla Kisamvu
Shikamoo Bi Sauda. Nilidhani huku jukwaani tuko peke yetu na vumbi la Karatu.

#19 Mwalimu wa Jiografia
Asante Bi Sauda, umenikumbusha Afrika Kusini. Wao walitangaza kanuni Desemba 2001, zikaanza kazi Januari 2002, kuzuia magari fukweni nchi nzima isipokuwa kwa kibali. Wavuvi wa ndoana na wenye hoteli walilalamika sana kwamba uchumi utakufa. Katazo limebaki.

Na kuhusu jangwa kupona lenyewe: katika jangwa la Mojave, Marekani, jeshi la Jenerali Patton lilifanyia mazoezi ya vifaru kuanzia 1942. Alama za minyororo bado zinaonekana. Pale juu ya udongo kuna gamba hai la bakteria, mwani na kuvu linaloshika ardhi, likivunjwa linachukua miongo kurudi. Nyanda za changarawe za Namibia karibu na Swakopmund ni hivyohivyo, gari linapita dakika moja na mstari unakaa kizazi.

#20 Spana Kumi na Saba
Haya, sasa nijibuni hili bila jazba. Wakenya wana Rhino Charge. Magari zaidi ya hamsini yanaachiwa porini makusudi, hayafuati barabara, yanapanda mawe, yanakata vichaka. Na hiyo mnaiita uhifadhi! Dereva wa Masika akikanyaga majani ya kumfuata chui ni mharibifu. Tajiri akikata korongo kwa gari la mashindano ni mfadhili. Fafanueni.

#21 Binti wa Narok
Nilijua itafika hapa.

Ilianza 1989, na pesa zinakwenda kwa shirika la uhifadhi la Rhino Ark kwa ajili ya uzio wa milima ya Aberdare. Uzio ulikamilika 2009, karibu kilomita 400, na baada ya hapo wakahamia misitu mingine. Mashindano ni siku moja kwa mwaka, mahali panabadilika na panafichwa mpaka karibu na siku yenyewe, ili watu wasiende kufanya mazoezi. Hawakimbizani kwa mwendo. Mshindi ni anayefika vituo vyote 13 kwa umbali mfupi zaidi, ndani ya saa kumi. Na hayafanyiki ndani ya hifadhi za taifa, ni ardhi ya jamii au ya watu binafsi waliokubali.

#22 Spana Kumi na Saba
"Umbali mfupi zaidi" maana yake anakata moja kwa moja katikati ya pori. Umenisaidia hoja.

#23 Binti wa Narok
Na pesa zilizojenga uzio wa Aberdare ungezitoa wewe?

#24 Mtoto wa Karatu
Hapa Binti nipo na Spana, ajabu kweli. Majani hayasomi risiti. Ila siku moja kwa mwaka, mahali panapobadilika, siwezi kulinganisha na Ndutu inayopigwa kila siku miezi mitatu.

#25 Mchunga wa Endulen
Mimi nawasoma nikicheka kwa uchungu. Ng'ombe wangu akionekana kreta ni habari ya taifa. Tuliambiwa mifugo inakanyaga, inamaliza majani, inaharibu vyanzo vya maji, na kwa hoja hiyo watu wanahamishwa. Leo nasoma hapa kumbe kuna magari ya tani tatu yanazunguka juu ya majani hayohayo, na adhabu ni faini anayoilipa bosi kisha anaijumlisha kwenye bei ya mgeni mwingine.

Mzee wangu alikuwa anahamisha boma mvua ikibadilika. Land Cruiser inahamia wapi?

#26 Spana Kumi na Saba
Mchunga, idadi ya mifugo Ngorongoro nayo imepanda, tusifichane. Na Loliondo...

#27 Msimamizi
Suala la Loliondo na kuhama Ngorongoro lina nyuzi zake, ziko hai. Hapa tubaki kwenye magari. Post tatu zimeondolewa kwa matusi.

#28 Mla Kisamvu
Zile tatu zilikuwa tamu lakini.

#29 Mchunga wa Endulen
Sawa msimamizi. Nabaki kwenye magari. Nani anayehesabu magari? Tukiambiwa tuhesabu ng'ombe, na hayo yahesabiwe.

#30 Askari Mstaafu
Nimechelewa kuingia. Nilikuwa doria miaka mingi, sitataja wapi.

Kumkamata dereva nje ya njia ni kazi kuliko mnavyodhani. Mna redio koli, mkiona gari letu mnaambizana, tukifika wote mko barabarani mnapiga picha ndege. Gari la doria moja, eneo unaendesha siku nzima hulimalizi. Na tukimkamata, kabla sijamaliza kuandika simu inapigwa na mkubwa wa kampuni kwa mkubwa wangu.

Kuna jambo hamjaligusa. Wapiga picha wakubwa na watu wa filamu wanapewa vibali maalumu vya kutoka nje ya njia. Mgeni wa kawaida anawaona, anamwambia dereva wake, "mbona yule yuko kule?" Hapo dereva ajibu nini? Mkanyago wa kibali na usio na kibali udongo haujui, lakini mgeni amejua kwamba inawezekana kwa pesa.

#31 Dereva wa Masika
Mzee, shikamoo. Redio umeitaja kweli, sibishi. Ila jana redio hiyohiyo ndiyo ilikuwa inawaambia wapi kuna mtego wa nyaya. Ikifungwa mtalia.

#32 Askari Mstaafu
Marahaba. Hata mimi nisingeifunga. Ninasema tu mnavyoitumia.

#33 Kijana wa Grida
Wekeni kifaa cha GPS kila gari geti la kuingia. Akitoka mita hamsini nje ya njia kinaandika. Akitoka getini analipa. Hakuna kukimbizana.

#34 Mwalimu wa Jiografia
Ramani ya njia halali nani anayo? Umesema mwenyewe barabara zinapanuka kila msimu. GPS itapima kutoka mstari upi?

#35 Kijana wa Grida
Ndiyo maana nikasema tuanze na barabara 🙄

#36 Binti wa Narok
Hifadhi za jamii zinazopakana na Mara, zile za makampuni na wenye ardhi, wanaruhusu gari kutoka nje ya njia kwa utaratibu, magari machache, na mvua ikinyesha wanafunga. Majani yao yako afadhali kuliko ndani ya hifadhi kuu penye katazo. Tafakarini hilo: panaporuhusiwa pana nafuu, panapokatazwa pamechakaa. Mimi nasema idadi ya magari ndiyo kila kitu.

#37 Mtoto wa Karatu
Na idadi Tanzania inapanda. Wageni wa kimataifa 2024 walipita milioni 2, na kila waziri anataka rekodi. Kreta ya Ngorongoro, chini kule ni kama kilomita za mraba 260, ada ya gari kushuka ni dola 250 kabla ya VAT, na bado asubuhi pale Seneto pa kushukia ni foleni. Bei peke yake haizuii.

Lakini hata gari moja, Binti, likimzunguka duma mwenye watoto, ni moja mno. Bado sijaridhika na "idadi".

#38 Spana Kumi na Saba
Nina swali la kifundi. Uzito wa gari unakaa kwenye sehemu ya tairi inayogusa ardhi, na shinikizo lake linakaribiana na upepo uliojaza. Tukifunga matairi mapana na kupunguza upepo kama wanavyofanya kina Bi Sauda mchangani, si udongo utaumia kidogo? Kwanini hifadhi isiweke kiwango cha upepo getini?

#39 Dereva wa Masika
Upepo mdogo kwenye yale mawe ya Moru unapasua tairi kabla ya chai ya saa nne. Labda wafunge pampu Naabi, tutoe tukiingia nyanda, tujaze tukirudi. Foleni yake utaipanga wewe.

#40 Bi Sauda wa Maskati
Na huku vijana tangu wajue kutoa upepo ndipo walipoanza kufika pasipofikika. Zamani mchanga wenyewe uliwazuia.

#41 Spana Kumi na Saba
Bi Sauda umeniua. Lakini hesabu ya shinikizo bado ni sahihi, Mwalimu njoo hapa usikimbie.